Rozela Dodoma: kula majani kwanza, vuna maua baadaye

Mjini Dodoma ukiomba rozela utapewa maua makavu mekundu au glasi ya juisi ya baridi. Majani yake ni nadra mtu kukutajia. Yanabaki shambani, mbuzi wanayamaliza. Kwangu hiyo ni hasara kubwa. Majani ya rozela ni mboga chachu yenye ladha ya kuchangamsha mdomo, yanapatikana wiki nyingi kabla ya ua la kwanza kufunguka, na ukiyachuma kwa utaratibu mmea unatoa matawi mengi zaidi. Matawi ndiyo yanayobeba maua. Kwa hiyo anayekula majani vizuri hapunguzi mavuno ya maua, anayaongeza.

Mwongozo huu unafuata msimu wetu wa kanda ya kati, Dodoma na Singida, ambako mvua huja mara moja kwa mwaka, mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa Dodoma jumla yake kwa kawaida ni kama milimita 550 hadi 600. Ukiwa Morogoro au pwani, hatua ni zilezile ila kalenda yako ni tofauti.

Mjue mmea, na ndugu zake wa porini

Rozela, ambayo sehemu nyingine huitwa choya, ni wa ukoo mmoja na bamia, pamba na mbuyu. Dalili za ukoo huo ni rahisi kuzikumbuka. Ua lina petali tano. Katikati yake unasimama mrija mmoja uliozungukwa na vichembe vya chavua. Chini ya ua kuna kikombe cha kijani au chekundu, na chini ya kikombe hicho kuna duara jingine la vijani vyembamba. Ukifikicha jani kati ya vidole unahisi ute, kama wa bamia lakini hafifu zaidi.

Rozela ya shambani ina shina jekundu au kijani lililosimama, lisilo na miiba, na hufika mita moja na nusu hadi mbili ikipata mvua. Majani ya chini huwa mazima, ya juu yamegawanyika vidole vitatu hadi vitano. Ua ni njano hafifu au waridi lenye jicho jekundu iliyokolea. Kikombe chake hunenepa na kuwa na nyama baada ya ua kuanguka, na hicho ndicho tunachokausha na kukiita maua.

Porini yupo ndugu yake mmoja anayependa mashamba yaliyoachwa, kingo za barabara na mabonde yenye udongo mweusi. Husimama wima, shina lake lina vijimwiba vidogo vinavyokwaruza mkono, na majani ya juu yana vidole virefu vyembamba vyenye kingo za msumeno. Kwa mbali mtu anaweza kudhani ni bangi. Tofauti iko kwenye ua: la huyu ni kubwa, njano hafifu, lenye jicho la zambarau nyeusi katikati. Kikombe chake ni kikavu chenye nywele zinazowasha, hakifai juisi. Majani machanga ndiyo yanayoliwa, nayo ni machachu kiasi.

Ndugu wa pili hutambaa na kuparamia vichaka. Miiba yake imepinda kama ndoano, ua lake ni njano kali lenye jicho jeusi, na majani ni machachu kuliko ya rozela yenyewe. Huyu hupendelea sehemu zenye unyevu, hivyo huku kwetu mtafute kando ya makorongo na vyanzo vya maji, si kwenye mbuga kavu.

Ukichuma porini, shika masharti mawili. La kwanza: usionje mmea ambao hujauona ua lake. Majani peke yake yanadanganya. Mbarika una majani yenye vidole na mbegu zake ni sumu kali. Mnanaha una ua jeupe kama tarumbeta na ni sumu mmea mzima. Uchachu si kibali cha kula. Mara ya kwanza nenda na mtu anayeijua mboga hiyo, na katika vijiji vya Chamwino, Bahi au Kondoa mtu huyo mara nyingi ni bibi au mama wa makamo, ambaye analijua jina la mboga hiyo kwa Kigogo au Kirangi na anajua ilipo. La pili: usichume kando ya barabara kuu, karibu na dampo, wala kwenye mashamba ya pamba na alizeti yaliyopuliziwa dawa.

Panda mapema: siku fupi haikusubiri

Wengi wanaokosea rozela Dodoma wanakosea hapa. Rozela huamua kutoa maua kwa kufuata urefu wa mchana. Siku zikianza kufupika, inaacha kukua na kuanza kuchanua, hata kama ina urefu wa goti. Kwetu tofauti kati ya mchana mrefu wa Desemba na mfupi wa Juni haifiki saa moja, lakini mmea unaihisi. Baada ya katikati ya Machi, mchana unapokaribia kuwa nusu ya siku, maua yako njiani.

Maana yake ni hii: rozela iliyopandwa mapema Desemba ina miezi mitatu na zaidi ya kutengeneza majani na matawi kabla haijachanua. Iliyopandwa Februari ina wiki chache tu. Itatoa maua, ndiyo, lakini kwenye kijimti kidogo, na majani ya kula hutapata. Mbolea haitaurudisha muda huo.

Andaa shamba Novemba. Rozela inakubali udongo wetu mwekundu wa kichanga, mradi maji hayatuami. Kwenye udongo mweusi wa mbuga panda juu ya matuta, kwa sababu mizizi ikikaa majini siku kadhaa huoza na mmea unanyauka ghafla, bado una majani mabichi. Kwenye udongo wa kichanga tatizo ni kinyume: maji yanakimbia. Hapo tengeneza matuta yaliyofungwa, yaani kati ya tuta na tuta unaziba kwa udongo kila baada ya hatua mbili tatu ili mvua isimame na kuzama. Kazi hiyo inakulipa ile Januari au Februari mvua inapokata katikati ya msimu.

Samadi iliyooza vizuri, ya ng'ombe au mbuzi, inatosha: koleo moja kwa mashimo matatu au manne. Usiimwage kupita kiasi wala kuongeza urea nyingi. Mmea utakuwa na majani ya kupendeza, lakini vikombe vitakuwa vichache.

Mbegu usizitafute kwenye maua makavu ya sokoni, maana huondolewa kabla ya kukausha. Omba kwa mkulima aliyevuna mwaka huu. Ziloweke usiku mmoja, zinazoelea uzitupe, kisha mvua ya kwanza nzuri ikishalowesha udongo panda tatu kwa kila shimo, kina cha sentimita 2. Mstari hadi mstari acha sentimita 90, shimo hadi shimo sentimita 60. Ukitaka majani tu, bila maua, unaweza kubana hadi sentimita 30. Mbegu huota ndani ya wiki moja hivi. Miche ikifika kiganja, bakiza mmoja wenye afya. Ile unayoing'oa usiitupe, ndiyo mboga ya kwanza ya msimu.

Palizi ni muhimu katika wiki sita za mwanzo. Baada ya hapo kivuli cha rozela chenyewe kinayazuia magugu.

Wadudu si wengi, ila wapo. Vijimende vidogo vinavyorukaruka hutoboa majani matundu kama ya risasi. Mmea mkubwa unavumilia; miche michanga inyunyizie majivu asubuhi kukiwa na umande. Kangambili, wale wekundu wenye alama nyeusi wanaojulikana kwenye pamba, huja wakati wa matunda na kufyonza mbegu. Waokote na kuwatia kwenye maji ya sabuni. Ukilazimika kupulizia dawa ya dukani, soma kwenye lebo ni siku ngapi usubiri kabla ya kuvuna, na siku hizo uziheshimu. Unachovuna hapa ni jani la kwenda sufuriani.

Kuchuma majani

Anza mmea unapofika magotini, takriban wiki ya sita hadi ya nane. Chuma ncha kwanza: kata shina kuu juu, sentimita 10 hadi 15, pamoja na majani yake machanga. Ukiondoa ncha ile, macho ya pembeni yanaamka na kutoa matawi. Mmea uliokuwa na shina moja unakuwa na matawi mengi, na kila tawi baadaye litabeba vikombe vyake.

Rudi kila baada ya siku 10 hadi 14. Safari hii kata ncha za matawi mapya na uchume majani machanga ya juu. Ya chini yaliyokomaa yaache, ni magumu na yana nyuzinyuzi. Usichukue zaidi ya theluthi moja ya majani kwa mkupuo, na mvua ikikata, pumzika kuchuma hadi inyeshe tena.

Chuma asubuhi na mapema, kwa sababu jani hili linanyauka upesi kwenye jua letu. Lifunike kwa kitambaa kibichi.

Ukiona vitumba vya kwanza kwenye makwapa ya majani, kwa kawaida kuanzia mwishoni mwa Machi, acha kukata ncha. Kuanzia hapo kila ncha unayokata ni maua unayoyatupa. Unaweza bado kuchukua jani mojamoja kwa ajili ya kachumbari, si zaidi.

Kupika

Uchachu wa majani haya unatokana na asidi zake, nazo zinabadilisha mambo kadhaa jikoni. Ukiyajua hayo, mapishi yenyewe ni mepesi.

Usipikie wala kulaza mboga hii kwenye sufuria ya alumini, kwa sababu asidi huila na mboga inapata ladha ya chuma. Tumia chungu, sufuria ya chuma cha pua, au ya enameli isiyobanduka.

Usitie magadi. Najua mkono wa mpishi wa Dodoma unayafuata magadi wenyewe, maana mlenda bila magadi unaonekana haujakamilika. Lakini magadi na uchachu vinauana: utaona povu, na kinachobaki si chachu wala kitamu, na vitamini imeharibika. Majani yataacha kijani kibichi na kuwa kahawia ya kijani mara tu yakipata moto. Ni kawaida yake, haina maana umeyaunguza, na usijaribu kuirudisha rangi.

Usitie maziwa freshi, yatakatika. Karanga ndizo zinazoelewana na uchachu huu.

Na ukitaka kuyachanganya na maharage, kunde au njugu mawe, zipike kwanza hadi ziive kabisa. Ukitia majani mapema, asidi inazifanya zigome kulainika, utamaliza kuni bure.

Mapishi ya kawaida kwa watu watano ni haya. Chukua kilo moja ya majani machanga. Usishangae wingi, yanasinyaa sana. Yaoshe kwa maji mawili kutoa vumbi, kisha yakatekate. Chemsha maji, yatumbukize dakika tano, uyachuje na kuyakamua kidogo. Maji hayo ya kwanza yamwage: yanaondoka na uchachu uliozidi pamoja na sehemu ya asidi ya oksaliki, ambayo si rafiki wa figo. Kaanga kitunguu kimoja kwa mafuta ya alizeti, tia nyanya moja tu kwa kuwa uchachu upo tayari, kisha majani na chumvi. Koroga kikombe kimoja cha karanga zilizotwangwa katika kikombe kimoja na nusu cha maji, mimina, punguza moto, na ukoroge dakika 10 hadi 15 mpaka mafuta ya karanga yaanze kuonekana juu.

Karanga zichambue moja moja kabla ya kutwanga, utoe zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye ukungu. Sumukuvu haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kupika, na mikoa ya Dodoma na Manyara ilipoteza watu kwa sumu hiyo mwaka 2016, wakati huo ikiwa kwenye mahindi. Karanga zina hatari hiyohiyo.

Ukiona uchachu umezidi kwa watoto, changanya nusu rozela na nusu mchicha au majani ya kunde. Kwa ugali wa mtama au uwele mboga hii inafaa kuliko zote ninazozijua, na si kwa ladha peke yake. Vitamini C iliyo kwenye majani haya husaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyo kwenye nafaka na kunde. Kwa kuwa moto hupunguza vitamini hiyo, weka kando majani machache mabichi, yakate nyembamba kama kachumbari na kitunguu, uyaweke pembeni ya sahani.

Hatuko peke yetu katika ulaji huu. Myanmar majani ya rozela ni mboga ya kila siku, na Andhra Pradesh kule India huyaita gongura na hutengeneza nayo achari maarufu. Ukipenda kujaribu mfano wake: kaanga majani kwa mafuta mengi kidogo bila maji hadi yawe rojo, tia kitunguu saumu, pilipili kavu na chumvi ya kutosha, uhifadhi kwenye chupa ya kioo iliyochemshwa na kukauka. Kwa ugali kijiko kimoja kinatosha.

Kukausha majani kwa ajili ya kiangazi

Kuanzia Juni hadi Novemba mboga mbichi huku ni ghali, na kukausha ni jambo tulilolikuta kwa wazee. Kwa rozela, tandaza majani yaliyooshwa na kunyauka kidogo juu ya kichanja, kivulini penye upepo, tabaka moja, ukiyageuza mara mbili kwa siku. Jua kali la moja kwa moja linaharakisha lakini linaua vitamini A na kuyapausha. Funika kwa kipande cha chandarua kisafi dhidi ya nzi na vumbi. Yakivunjika kwa kidole, yametosha. Yatwange yawe unga mwembamba au uyaache yalivyo, kisha yafunge kwenye chombo kisichopitisha hewa. Kijiko kimoja cha unga huo kwenye mchuzi wa karanga au maharage kinatosha badala ya ndimu.

Maua yakifika

Kila ua hufunguka asubuhi na kunyauka siku hiyohiyo. Kisha kikombe kinaanza kunenepa, na wiki mbili hadi tatu baadaye kiko tayari: kimejaa, kina rangi iliyokolea, na kinakatika kwa mkono bila kisu. Usisubiri tunda la ndani likauke na kuwa kahawia, maana kikombe nacho kitakuwa kigumu. Vuna mara mbili kwa wiki, ukianzia vya chini.

Osha, kausha maji, kisha utoe tunda la mbegu. Kipande cha bomba jembamba la chuma lenye ukingo mkali hurahisisha: sukuma kutoka kwenye kikonyo na tunda linatokea upande wa pili. Anika juu ya kichanja chenye wavu, kamwe si chini. Mei na Juni hewa ya Dodoma ni kavu na ina upepo, hivyo siku tatu hadi tano zinatosha, ila upepo huohuo una vumbi, funika. Tegemea kilo 10 za vikombe vibichi kukupa kama kilo moja ya vikavu. Mnunuzi anayejua hutazama rangi, ukavu na mchanga, na mchanga ndio unaoshusha bei upesi.

Kwa juisi, kikombe kimoja cha maua makavu kwa lita mbili za maji, chemsha dakika 10 na kipande cha tangawizi, chuja, tia sukari ikiwa bado ya moto. Hapa pia alumini hapana.

Nani awe mwangalifu

Juisi na chai ya maua ya rozela hushusha shinikizo la damu. Ni habari njema kwa wengi, lakini anayemeza dawa za presha azungumze na daktari kabla ya kuinywa kila siku, kwani vikiungana vinaweza kuishusha kupita kiasi. Asiache dawa akategemea juisi. Mama mjamzito asiitumie kwa wingi. Aliyewahi kupata mawe kwenye figo ale majani kidogo, yaliyochemshwa na maji kumwagwa.

Mbegu za mwakani

Kabla ya kuvuna vikombe, tembea shambani ufunge kitambaa kwenye mimea mitano au kumi iliyokupendeza: yenye matawi mengi, majani laini, vikombe vinene, isiyo na ugonjwa. Hiyo usiivune. Acha matunda yake yakauke hadi yawe kahawia, ila uyawahi kabla hayajapasuka na kumwaga mbegu. Yapure juu ya turubai, pepeta kwa ungo, anika mbegu kivulini siku mbili, changanya na majivu makavu kidogo na uzifunge kwenye chupa yenye kifuniko. Andika mwaka.

Shamba lenyewe mwakani lipande mtama au uwele. Usirudishe rozela wala bamia pale pale, kwa sababu minyoo fundo ya kwenye mizizi inawapenda wote wawili na itakuwa inawasubiri.